Kuongezeka uzito wakati wa kutumia dawa za kupunguza uzito

Kuongezeka uzito wakati wa kutumia dawa za kupunguza uzito ni hali ambayo mtu aliyeandikiwa dawa za kupunguza unene, au aliyejinunulia mwenyewe, anaona uzito wake ukipanda badala ya kushuka, au ukianza kupanda tena baada ya kushuka kwa muda. Hali hiyo si ugonjwa wenyewe, bali ni ishara. Nyuma yake kunaweza kuwa na sababu nyepesi, kwa mfano dozi ambayo bado ni ya kuanzia, au sababu nzito, kama vile maji kujaa mwilini kutokana na ugonjwa wa moyo, ujauzito ambao bado haujajulikana, au dawa ghushi.

Watu wengi wanaopatwa na hali hiyo hujilaumu kwamba ni walafi au wavivu. Baadhi yao huacha dawa kimyakimya, na wengine huongeza dozi wenyewe. Hatua hizo zinaweza kuleta madhara, na pia zinaficha sababu halisi, ambayo mara nyingi inaweza kupatikana kwa maswali machache na vipimo vya kawaida.

## Uzito na mafuta si kitu kimoja

Mizani hupima kila kilichomo mwilini: mafuta, misuli, mifupa, maji, chakula kilichomo tumboni na kinyesi ambacho bado hakijatoka. Kwa sababu hiyo uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili katika siku chache bila mafuta yake kubadilika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chakula chenye chumvi nyingi, siku zinazotangulia hedhi na choo kigumu hutosha kupandisha mizani. Choo kigumu ni kati ya madhara ya kawaida ya sindano za kupunguza uzito.

Mwili huhifadhi pia akiba ya wanga katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu anayeanza kula kidogo hutumia akiba hiyo kwanza, hivyo uzito wake hushuka haraka katika siku za mwanzo. Akirudi kula wali au ugali wa kutosha, akiba hujazwa tena na kilo hizo za maji hurudi.

Kuongeza kilo moja ya mafuta kunahitaji takriban kilokalori 7,000 juu ya zile ambazo mwili unatumia. Kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo 2 katika siku mbili hawezi kuwa amepata kilo 2 za mafuta kwa kula. Karibu daima ongezeko la haraka namna hiyo ni maji. Swali linalofuata ni kwa nini maji hayo yamebaki mwilini.

## Jinsi dawa zinavyofanya kazi

Dawa za kupunguza uzito hutofautiana sana, na kila moja ina mpaka wake.

* Orlistati (huuzwa kwa majina kama Xenical na Alli) hufanya kazi ndani ya utumbo. Huzuia kimeng'enya kinachovunja mafuta, hivyo karibu theluthi moja ya mafuta yaliyoliwa hutoka na choo. Haizuii wanga wala sukari.
* Semaglutidi (Wegovy na Ozempic) na liraglutidi (Saxenda) huiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mlo. Hupunguza njaa, huchelewesha chakula kutoka tumboni na kumfanya mtu ashibe mapema. Tirzepatidi (Mounjaro na Zepbound) huiga homoni mbili, GLP-1 na GIP. Ozempic na Mounjaro zilianza kama dawa za kisukari cha aina ya pili.
* Fentermini, iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1959, hupunguza hamu ya kula kwa kuchochea mfumo wa neva. Iliruhusiwa kwa matumizi ya muda mfupi.
* Mchanganyiko wa naltreksoni na bupropioni hufanya kazi katika sehemu za ubongo zinazohusika na njaa na tamaa ya chakula.

Dawa hizo hutolewa pamoja na mabadiliko ya ulaji na mazoezi ya mwili. Hakuna hata moja inayoyeyusha mafuta bila kujali mtu anakula nini.

## Sababu

### Dozi ya kuanzia

Sindano za GLP-1 huanzishwa kwa dozi ndogo ili tumbo lizoee. Semaglutidi ya Wegovy huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki, kisha hupandishwa kila baada ya wiki 4 hadi kufikia miligramu 2.4. Safari hiyo huchukua takriban miezi minne. Dozi ya kwanza ni ya kuuzoesha mwili; haikukusudiwa kupunguza uzito kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyekuwa ananenepa kabla ya kuanza dawa anaweza kuendelea kunenepa katika wiki hizo.

### Mwili usioitikia dawa

Matangazo hutaja wastani, lakini wastani huficha tofauti kubwa kati ya watu. Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa dawa walipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Hata hivyo, takriban mtu 1 kati ya 7 miongoni mwao hakufikisha hata asilimia 5. Watu hao walichomwa sindano ileile na kupewa ushauri uleule. Tofauti za urithi, maradhi mengine na namna ubongo unavyopokea ishara za shibe huchangia.

### Mwili kujitetea

Uzito unaposhuka, mwili huchukulia kwamba kuna njaa. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hupungua. Homoni ya grelini, inayoleta njaa, huongezeka. Utafiti kutoka Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupunguza uzito kwa kula kidogo.

Vilevile mwili hupunguza matumizi yake ya nishati. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza unene. Miaka sita baada ya shindano, miili yao wakati wa mapumziko ilikuwa bado inatumia takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao.

Kwa sababu hiyo kila dawa hufikia mahali ambapo uzito hausogei tena. Mlo uliokuwa unampunguza mtu wa kilo 100 unaweza kutosha kumweka palepale akiwa na kilo 85, na ukiongezeka kidogo tu, uzito huanza kupanda.

### Kuruka au kuacha dozi

Dawa hizo hudhibiti unene kama vile dawa za presha zinavyodhibiti shinikizo la damu: zikiachwa, hali hurudi. Washiriki wa jaribio la mwaka 2021 waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Katika jaribio la tirzepatidi, watu walipunguza kwanza wastani wa asilimia 20.9 kwa wiki 36. Baadaye waliobadilishiwa na kupewa sindano isiyo na dawa ndani waliongezeka asilimia 14, na walioendelea na dawa walipungua asilimia 5.5 zaidi.

Bei kubwa huwafanya watu kuruka wiki au kugawa dozi ili kalamu moja ya sindano idumu. Matokeo yake ni njaa inayorudi katikati. Mtu aliyekosa dozi kadhaa mfululizo hapaswi kuanzia pale alipoachia bila kumwuliza daktari, kwa sababu huenda akahitaji kuanza upya na dozi ndogo.

### Chakula ambacho dawa haikizuii

Anayetumia orlistati akipunguza nyama ya mafuta na kuongeza ugali, chapati na soda hatapata faida, kwa sababu dawa hiyo haina nguvu juu ya wanga na sukari. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Wanaotumia sindano za GLP-1 mara nyingi hushindwa kula sahani kubwa, lakini vinywaji vitamu, juisi, pombe na chai yenye sukari nyingi hupita kwa urahisi na havishibishi kama chakula kigumu. Mtu anaweza kusema kwa ukweli kwamba anakula kidogo sana, huku vinywaji vikirudisha kila alichopunguza.

### Dawa nyingine

Dawa kadhaa zinazotumiwa kwa maradhi mengine huongeza uzito na zinaweza kushinda nguvu ya dawa ya kupunguza. Miongoni mwake ni:

* insulini na dawa za kisukari kama glibenklamidi;
* prednisoloni na dawa nyingine za jamii ya steroidi;
* olanzapini, klozapini na dawa nyingine za magonjwa ya akili;
* amitriptilini na mirtazapini, zinazotumika kwa sonona au maumivu;
* valproeti, inayotumika kwa kifafa;
* sindano ya uzazi wa mpango inayochomwa kila miezi mitatu;
* dolutegraviri, iliyomo katika tiba ya kwanza ya Virusi vya Ukimwi katika nchi za Tanzania, Kenya na Uganda.

Jaribio lililofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba waliotumia dolutegraviri waliongezeka uzito kuliko waliotumia efavirenzi, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Sehemu ya ongezeko hilo ni afya inayorudi baada ya ugonjwa. Kwa vyovyote, kuacha ARV, dawa za kifafa au za akili kwa ajili ya kuogopa unene ni hatari kubwa kuliko unene wenyewe. Daktari anaweza kubadilisha dawa pale inapowezekana; mgonjwa asiache peke yake.

Dawa nyingine haziongezi mafuta bali maji. Amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana, huweza kuvimbisha miguu. Pioglitazoni ya kisukari huongeza maji na mafuta pia.

### Magonjwa

Moyo ukishindwa kusukuma damu ipasavyo, au figo na ini zikiharibika, maji hujaa mwilini. Tezi ya dundumio iliyoko shingoni ikifanya kazi kwa ulegevu, mtu huongezeka uzito, husikia baridi, huchoka na ngozi yake hukauka. Ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili unatengeneza homoni ya kortizoli kupita kiasi, hunenepesha uso na tumbo huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Kuvurugika kwa homoni za ovari, kukoma hedhi, sonona na kukosa usingizi wa kutosha huchangia pia.

### Ujauzito

Unene hupunguza uwezo wa kushika mimba kwa baadhi ya wanawake. Uzito unaposhuka, upevushaji wa mayai unaweza kurudi, na mwanamke aliyekaa miaka mingi bila mtoto akapata mimba bila kutarajia. Zaidi ya hayo, tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Anayevitumia hushauriwa kutumia pia kondomu, au kubadili njia, kwa wiki 4 baada ya kuanza dawa na baada ya kila dozi kupandishwa.

Kichefuchefu, tumbo kujaa na uchovu ni madhara ya kawaida ya dawa hizo, lakini pia ni dalili za mimba changa. Hivyo ni rahisi mimba kutotambuliwa. Dawa za kupunguza uzito hazifai wakati wa ujauzito, na semaglutidi hutakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kupanga kushika mimba.

### Utunzaji mbaya na dawa ghushi

Kalamu za semaglutidi ambazo hazijaanza kutumiwa huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Zikiganda hazifai tena. Zikishaanza kutumiwa huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30, kwa muda uliotajwa kwenye maelezo yake. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar joto la mchana hupita kiwango hicho kwa miezi mingi, na umeme ukikatika friji nayo hupata joto. Dawa iliyosafirishwa kwenye mkoba bila barafu, au kuachwa ndani ya gari juani, inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura.

Semaglutidi ya vidonge nayo ina masharti yake. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji kidogo yasiyozidi mililita 120, na mtu husubiri angalau nusu saa kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Ikimezwa pamoja na chai ya asubuhi, kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua sana.

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi ghushi yenye jina la Ozempic, iliyogunduliwa katika nchi za Brazili, Uingereza na Marekani. Nchini Austria mwaka 2023 watu walilazwa hospitalini baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa na insulini badala ya semaglutidi. Insulini kwa mtu asiyeihitaji hushusha sukari ya damu kwa ghafla, huleta njaa kali, na ikiendelea kutumiwa huongeza uzito.

Hatari nyingine ni vidonge, chai na unga vinavyouzwa kama dawa za asili za kupunguza tumbo. Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa za aina hiyo. Mnunuzi hupungua kwa wiki kadhaa, kisha akiacha uzito hurudi.

## Dalili za hatari

Mtu anayeongezeka uzito anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa akiona mojawapo ya haya:

* ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu;
* miguu kuvimba, au shimo kubaki kwenye muundi baada ya kubonyeza kwa kidole;
* kupumua kwa shida, hasa anapolala chali au anapopanda ngazi;
* mkojo kupungua sana, au uso kuvimba asubuhi;
* kutetemeka, jasho jingi, kuchanganyikiwa au kuzimia baada ya sindano;
* kukosa hedhi;
* maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, pamoja na kutapika.

Dalili ya mwisho inaweza kuashiria kuvimba kwa kongosho, hata kama haihusiani na uzito.

## Uchunguzi

Uchunguzi huanza na kupima vizuri. Mtu hupimwa kwa mizani ileile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, mara moja kwa wiki. Kipimo cha kiuno kwa utepe wa fundi cherehani husaidia: kiuno kikipungua huku mizani ikisimama, huenda mafuta yanapungua.

Daktari huuliza tarehe dawa ilipoanza, dozi ya sasa, dozi zilizorukwa, mahali iliponunuliwa na jinsi inavyohifadhiwa. Mgonjwa hushauriwa kubeba kasha lenyewe pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, krimu za ngozi na sindano za uzazi wa mpango. Vipimo vinavyofuata hutegemea dalili. Hujumuisha kipimo cha mimba, shinikizo la damu, sukari, figo, ini, dundumio na mkojo, na kipimo cha moyo pale inapohitajika.

## Matibabu

Matibabu hufuata sababu. Maji yaliyojaa hutibiwa kwa kutibu kiungo kilichoharibika. Dawa inayonenepesha hubadilishwa au hupunguzwa na aliyeiandika. Dozi ya kuanzia hupandishwa kwa ratiba. Dawa iliyoharibika au kutiliwa shaka huachwa na kupelekwa kwa mfamasia. Tuhuma za dawa ghushi huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya.

Pale ambapo dawa ni halisi, imetumiwa sawasawa na hakuna sababu nyingine, inawezekana haimfai mtu huyo. Maelekezo ya Ulaya kuhusu liraglutidi husema iachwe ikiwa baada ya wiki 12 za dozi kamili ya miligramu 3 mtu hajapunguza angalau asilimia 5 ya uzito wake. Kuacha kwa namna hiyo ni sehemu ya tiba, na nafasi hubaki kwa dawa nyingine au upasuaji wa tumbo.

Kuongeza dozi bila ushauri, kuchanganya dawa mbili za kupunguza uzito, au kuazima kalamu ya mtu mwingine havifai. Dozi kubwa ya ghafla huleta kutapika na kupungukiwa maji mwilini, na kalamu inayochangiwa hueneza maambukizi hata sindano yake ikibadilishwa.

## Mtazamo wa jamii

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki unene umechukuliwa kuwa dalili ya raha na kutunzwa vizuri. Mtu anayepungua huulizwa kama anaumwa, na baadhi hushukiwa kuwa na Ukimwi au kifua kikuu. Kwa hiyo wapo wanaoacha dawa zikiwa zinafanya kazi ili kunyamazisha maneno, na uzito hurudi.

Kwa upande mwingine, anayetumia dawa na bado akanenepa huchekwa kwamba amepoteza pesa bure. Aibu hiyo humfanya afiche dawa yake, hata kwa mhudumu wa afya anayemtibu presha au kisukari. Mhudumu asiyejua dawa hiyo anaweza kumwandikia nyingine inayopingana nayo, au kushindwa kutambua sababu ya uvimbe. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mgonjwa ataje dawa hiyo kila anapotibiwa, na kwamba mhudumu aulize kuihusu bila lawama.